Vita inayokuja wakati wa kupanda: mashamba na maji ya Fizi tangu 1964

Kila mara vita inapopita kwetu, redio hutangaza hesabu ya waliokufa, nyumba zilizoungua na familia zilizokimbia. Ni haki itangazwe. Lakini kuna swali ambalo familia zilizokimbia huulizana jioni, na mara chache hupata nafasi katika habari: shamba limebaki na nani, na maji yake yanakwenda wapi sasa? Makala haya yanalifuata swali hilo, kuanzia vita ya 1964 mpaka miaka yetu hii.

Tuanze na kalenda, kwa sababu bila kalenda ya jembe historia ya vita zetu haieleweki vizuri. Kivu ya Kusini ina misimu mitatu ya kilimo. Msimu A huanza mwezi wa 9 mvua inaporudi, na mavuno yake huingia karibu na mwaka mpya. Msimu B huanza mwezi wa 2 au wa 3 na kuvunwa mwezi wa 6. Msimu C ni wa kiangazi, kuanzia mwezi wa 6 hadi wa 9, na huo haulimwi mlimani. Hulimwa bondeni, penye unyevu, au mahali ambapo watu wameyaleta maji kwa mfereji. Msimu C ni mdogo kwa ukubwa wa mashamba, lakini ndio unaowapa mama zetu mboga, maharagi mabichi na mahindi ya kuchoma wakati ghala limekwisha na mavuno mengine bado yako mbali.

Sasa weka tarehe za vita juu ya kalenda hiyo. Mwaka 1965, mamluki wa Mike Hoare, wale wa 5 Commando, walitua karibu na Baraka tarehe 27 mwezi wa 9 pamoja na jeshi la serikali, na mwezi uliofuata walikuwa Fizi. Mwaka 1996, vita ya AFDL iliwaka mwezi wa 9 na wa 10, na Uvira ikaanguka mwishoni mwa mwezi wa 10. Vita ya pili, ya RCD, ilianza tarehe 2 mwezi wa 8, 1998. Mwaka 2017, wapiganaji wa Mai-Mai Yakutumba walifika mpaka milango ya Uvira, na hiyo tena ilikuwa mwisho wa mwezi wa 9. Yaani mara nne, katika miaka zaidi ya 50, mtu wa Fizi aliyekuwa ameshika mbegu mkononi alilazimika kuiweka chini na kubeba mtoto.

Sisemi kwamba wakubwa wa vita hufungua kalenda ya mkulima kabla ya kupiga. Na si kila vita inafuata njia hiyo: uasi wa Simba uliichukua Uvira mwezi wa 5, 1964, na Bukavu iliingia mikononi mwa M23 mwezi wa 2, 2025. Lakini nadhani kuna sababu ya kawaida kabisa. Anayeifahamu barabara yetu wakati wa masika anajua kwamba gari linalala siku tatu katika tope moja. Kiangazi kinapofika mwisho, njia ni kavu, mito inavukika, na kila mwenye silaha ana haraka kabla mvua haijamfungia. Mkulima naye ana haraka ileile, kwa mvua ileile. Wote wawili wanaitafuta wiki moja ya mwaka, na mwenye jembe ndiye anayekimbia.

Akichelewa kupanda wiki tatu au nne, maharagi yake yatakuta mvua nyingi wakati wa maua na kuoza, au mahindi yatakauka kabla ya kukomaa. Kwa hiyo vita ya siku kumi inaweza kula chakula cha miezi sita, hata kama hakuna shamba moja lililochomwa. Katika ripoti za usalama utasoma kwamba utulivu umerudi. Ndani ya nyumba, njaa yenyewe inafika miezi minne baadaye, na wakati huo hakuna mwandishi anayeifuata tena.

Upande wa maji jambo ni zito zaidi. Mfereji wetu wa mikono si kitu cha ajabu: mawe, miti na udongo wa mfinyanzi vinazuia kijito juu kidogo, kisha mtaro unachimbwa kufuata ubavu wa mlima, ukishuka polepole ili maji yasichimbe wala yasisimame. Ugumu wake ni kuutunza. Mvua kubwa inabomoa kichwa chake, tope linajaza, majani yanaota, fuko na panya wanatoboa ukingo. Kila kiangazi lazima usafishwe mwanzo hadi mwisho, na hiyo si kazi ya mtu mmoja. Kila nyumba inayokunywa kwenye mfereji inatoa mtu wa salongo, na baadaye maji yanagawanywa kwa zamu: wewe asubuhi, jirani alasiri. Asiyekuja salongo anajulikana, na zamu yake inajadiliwa.

Ndiyo maana mfereji hauwezi kukimbiwa nusu. Shamba la mihogo la jirani likiachwa, la kwako bado linaota. Lakini wenye mashamba ya juu wakikimbia mfereji, wale wa chini hawapati maji hata kama wamebaki nyumbani na majembe yao yote. Na kazi ya kusafisha inaangukia kiangazi, mwezi wa 7 na wa 8, wakati ambapo mtu anaogopa kwenda mbali na kijiji, na kundi la wanaume 40 wenye panga na majembe linaweza kudhaniwa kuwa kundi jingine.

Mfano mkubwa uko kwa jirani zetu wa bonde la Ruzizi, katika teritwari ya Uvira. Bonde lile lina mvua chache kuliko milima inayolizunguka, kwa hiyo kilimo chake kimeegemea mito inayoshuka kutoka milimani: Sange, Luberizi, Runingu, Kiliba na mingine. Wakati wa Wabelgiji pamba ililimwa pale kwa amri. Baadaye mpunga ulienea kwenye mashamba ya mifereji, na Kiliba palikuwa na kiwanda cha sukari chenye mashamba makubwa ya miwa. Wengi wa rika la wazazi wangu wanaikumbuka sukari ya Kiliba. Vita ya 1996 ilipopita, kiwanda kilifunga, na kikabaki kimefungwa miaka mingi. Hakuna aliyehitaji kukilipua. Wafanyakazi walikimbia, maji yakaachwa yatafute njia yake, miwa ikageuka kichaka, na mashine ikaliwa na kutu.

Mpunga wa wakulima wadogo ulipata shida yake tofauti, na hapa niseme kidogo juu ya ndege. Mpunga unapoanza kuingia maziwa, lazima mtu awe shambani tangu alfajiri hadi jua linapozama, wiki kadhaa mfululizo, akipiga kelele na kurusha udongo kufukuza ndege. Mahali penye usalama, hiyo ni kazi ya watoto na mabibi. Mahali pasipo na usalama, mama anaondoka nyumbani saa tatu asubuhi akisikia kwamba njia imepitika, na anarudi saa tisa mchana. Ndege wanakula asubuhi na jioni, saa zilezile ambazo yeye hayupo. Kwa hiyo kabla askari wa upande wowote hajaugusa mpunga ule, robo yake inaweza kuwa imekwenda hewani. Baada ya mauaji ya Mutarule, mwezi wa 6, 2014, hofu ya namna hiyo iliingia hata kwa watu ambao hawakuikimbia nyumba yao.

Wala haya si ya kwetu peke yetu. Sudani kuna mpango wa Gezira, mashamba ya umwagiliaji yaliyoanza 1925, kati ya makubwa kuliko yote Afrika. Vita ya kule ilianza mwezi wa 4, 2023, na mwezi wa 12 mwaka huohuo wapiganaji wa RSF wakaingia Wad Madani, mji mkubwa wa eneo hilo. Mifereji ikajaa tope na majani, wakulima wakatawanyika. Wao wana bwawa na wahandisi waliosoma, sisi tuna mawe na udongo. Lakini mfereji wao nao ulikufa kwa kukosa wa kuusafisha, kama wa kwetu.

Turudi Fizi. Sisi hatukuwa na Kiliba wala Gezira. Tulikuwa na mabonde, vijito, mashamba ya mlimani, na ziwa lenye ndagala. Che Guevara, aliyekaa katika milima yetu kuanzia mwezi wa 4 hadi wa 11, 1965, aliandika katika kumbukumbu zake kuhusu Baraka yenye dalili za utajiri wa zamani na kiwanda kidogo cha pamba kilichoharibiwa na vita. Jina la Lubondja nalo limo katika maandishi yake, njiani, nyuma ya Fizi. Msomaji wa kwetu akiyasoma anaona jambo ambalo Che mwenyewe hakulipa nafasi kubwa: wapiganaji wote wale, Wakongomani, Wanyarwanda na Wakuba, walikula mihogo ya mtu. Mtu huyo hana jina katika kitabu. Wakuba walipovuka ziwa usiku kurudi Kigoma, yeye alibaki mlimani na shamba lililochimbwa.

Nadhani hapo ndipo muhogo ulipoanza kuishika Fizi kwa nguvu. Ulikuwepo tangu zamani, ndiyo, lakini vita iliupa kazi mpya. Kuanzia 1967 Laurent-Désiré Kabila na chama chake cha PRP walikaa katika milima ya Fizi, na maki ile iliendelea mpaka katikati ya miaka ya 1980. Wakaaji waliishi kati ya moto miwili: waasi walitaka chakula, na jeshi la Mobutu lilimshuku kila anayelima mbali na barabara kwamba anawalisha waasi. Katika hali hiyo mtu anachagua zao kama anavyochagua njia ya kukimbilia. Mpunga ukiiva lazima uvunwe siku zilezile, upigwe, uanikwe, ujazwe gunia. Kila mtu anauona. Maharagi yanakomaa kwa miezi mitatu, ni mazuri, lakini yakishaingia ghalani ni mepesi kubebwa na mwingine. Muhogo unalala ardhini mwaka mzima na zaidi. Unakimbia, unarudi, unaukuta. Na ule mchungu hauliwi njiani: lazima uloweshwe siku tatu au nne, uanikwe, utwangwe. Mwenye bunduki anayepita hana siku nne. Bibi zetu walilijua hilo vizuri sana.

Lakini muhogo nao unadai malipo yake. Mtoto aliyelelewa kwa bugali na sombe bila maharagi, bila samaki, bila maziwa, anavimba miguu na nywele zinageuka rangi. Sisi tunaita bwaki. Tena miaka ya 2000 ugonjwa wa mozaiki uliyakunja majani ya muhogo katika Kivu nzima, na waliokuwa wameweka maisha yao yote katika zao moja walijikuta hawana la pili. Mbegu za maharagi zilikuwa zimeliwa. Hilo ni jambo la kulitaja wazi: familia inapokimbia mara ya pili na ya tatu, mbegu ndiyo chakula cha mwisho kinachobaki ndani ya nyumba, na inaliwa. Mwaka unaofuata hakuna cha kupanda hata mvua ikija vizuri.

Kati ya 1996 na 2003 Fizi ilimwagwa upande wa pili wa ziwa. Nyarugusu ilifunguliwa mwezi wa 11, 1996, Lugufu ikafuata, na baada ya mauaji ya Makobola, yaliyoanza tarehe 30 mwezi wa 12, 1998, wakati mavuno ya msimu A yalikuwa yanakaribia, watu waliendelea kuvuka kwa mitumbwi. Mwezi wa 10, 2005, HCR ilianza kuwarudisha kwa meli kutoka Kigoma mpaka bandari ya Baraka. Walishuka na mabati, majembe na mbegu kidogo. Wengi waliyakuta mashamba yao yanalimwa na mtu mwingine. Mara nyingine alikuwa ndugu aliyebaki, mara nyingine mkimbizi wa ndani aliyewekwa pale na shefu, mara nyingine mtu aliyenunua kwa shefu mwingine. Sheria ya ardhi ya 1973 inasema ardhi ni mali ya Serikali, na ile inayokaliwa kwa desturi iliachiwa amri ya rais ambayo wananchi waliingoja miaka na miaka. Shamba angalau lina mpaka: mti, jiwe, kaburi la babu. Haki ya maji haina jiwe. Ilikuwa katika vichwa vya watu waliokuwa wakikutana kwa salongo, na hao walikuwa wametawanyika kati ya Lugufu, Nyarugusu, Uvira na makaburini.

Hapo utaelewa kwa nini mashamba mengi yalirudi baada ya 2005 na mifereji haikurudi kwa kiasi hicho. Mtu mmoja anaweza kufufua shamba, lakini mfereji unataka kijiji kizima kiamini kwamba mwezi wa 8 ujao kila mmoja atakuwepo. Kijana wa miaka 20 akipiga hesabu hiyo, anaona ni afadhali aende kwenye machimbo ya dhahabu ya Misisi. Kule anaweza kupata leo au asipate, lakini hangoji miezi minne. Simlaumu. Ila mikono iliyotoka salongo kwenda shimoni ni mikono ileile iliyokuwa inahitajika kwenye tope la mfereji, na kazi hiyo imewaangukia mama zetu.

Anayevuna naye bado hajamaliza. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS, shirika la Ubelgiji, walihesabu barieri 798 katika Kivu ya Kaskazini na ya Kusini. Mama anayeshuka kutoka milimani na mzigo wa mahindi au mafuta ya mawese anaijua hesabu hiyo bila kusoma ripoti. Kila kamba iliyofungwa njiani inakata kitu. Ikifika mahali ambapo nusu ya mzigo inaishia njiani, mtu analima cha kula tu, na soko la Baraka linapokea unga kutoka Tanzania.

Kuna sura moja zaidi ya kiangazi, na hii inagusa ngozi yetu, kwa hiyo naomba isomwe kwa utulivu. Zamani wafugaji wa milima ya juu, Banyamulenge hasa, walishusha ng'ombe wakati wa kiangazi kwenye nyasi za mabonde ya Fizi. Kulikuwa na malipo kwa mashefu wa ardhi, yaliyoitwa itulo, na kulikuwa na maneno ya kusuluhisha pale ng'ombe walipoingia katika mihogo. Ugomvi haukukosekana, lakini mfugaji alinunua unga kwa mkulima, na mkulima alinunua ng'ombe kwa mfugaji. Wenye silaha walipojiweka katikati, malipo yalianza kwenda kwao, aliyeharibiwa shamba hakupata kitu, na aliyelipa hakupata ulinzi. Tangu 2019 vita katika milima ya Minembwe na Itombwe imechoma vijiji vya jamii zote, imekula ng'ombe kwa maelfu, na imewashusha watu mpaka Lubondja, Fizi na Baraka. Kila upande una orodha ya wafu wake. Hesabu ya mbolea, maziwa na mihogo iliyokuwa ikibadilishana mikono, sijasikia upande wowote ukiisoma.

Hapa Baraka, familia hizo zinaomba kipande cha kulima pembeni ya mji. Mwenye ardhi anawapa msimu mmoja, kwa kulipa sehemu ya mavuno. Kwa hiyo wanapanda kinachokomaa haraka, na hawachimbi mtaro, hawapandi mti. Nani atachimba mtaro kwenye ardhi ya miezi minne? Na tangu maji ya ziwa yalipopanda mwaka 2020 na 2021, sehemu ya mashamba ya chini, yale mazuri ya karibu na maji, iliingia ziwani, na waliofurushwa na ziwa wakakutana na waliofurushwa na bunduki kwenye ardhi ileile ndogo.

Nina ombi moja kwa wanaosikiliza wakiwa mbali. Aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1996 amepita 40 sasa, na wazee walioijua zamu ya maji wanapungua kila mwaka. Mkikaa jioni, waulizeni na muandike katika daftari la kawaida: kijito kiliitwaje, kichwa cha mfereji kilikuwa karibu na jiwe gani, ulipita kwenye mashamba ya nani, nani alikuwa anaita salongo, na aliyekosa alilipa nini. Muandike na majina ya majirani ambao leo hamsemezani nao, kama nao walikunywa maji hayo. Siku ya kukaa mbele ya shefu au mbele ya kamati ya usuluhishi, daftari lile litakuwa na kazi.

Waliotangulia kurudi Lubondja msimu uliopita wamepanda mihogo karibu na nyumba, mahali ambapo mlango ukiwa wazi shamba linaonekana. Bondeni bado hawajashuka. Mfereji wa zamani unaonekana ukiwa juu ya njia: mstari wa majani mabichi zaidi unaozunguka ubavu wa mlima, kisha unakatika.